Tofali, Jua na Upepo: Somo la Nyumba Kutoka Uingereza Hadi Kalobeyei

Saa tisa alasiri, katika mitaa mingi ya Lodwar, nyumba huwa tupu ilhali wenyewe wapo nyumbani. Mama amekaa chini ya mwarobaini na jirani yake. Watoto wanafanya kazi ya shule huku wakisogea na kivuli cha ukuta. Ndani ya nyumba, ambayo huenda ilimaliza akiba ya miaka mingi, hewa haikaliki. Usiku ukifika mambo hayabadiliki sana. Ukuta uliokunywa jua mchana kutwa hulitoa polepole hadi usiku wa manane, na godoro hutolewa nje.

Nyumba kama hiyo haijaanguka, haivuji, na huenda fundi hakupunja hata mfuko mmoja wa simiti. Kosa lake lilifanyika siku ya kwanza, ramani ilipochaguliwa bila kuuliza jua linatoka wapi na upepo unavuma kutoka wapi. Somo la toleo hili linaeleza kosa hilo. Linaanzia mbali, katika nyumba za matofali za mashambani Uingereza, kisha linarudi Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, ambako familia nyingi sasa zinahama kutoka nyumba za vijiti na turubai kwenda nyumba za kudumu.

Kwa nini kuanzia Uingereza?

Ramani nyingi za nyumba zinazopita katika simu za wakazi zina asili yake huko. Paa lenye mwinuko mkali, dirisha kubwa linalotokeza nje ya ukuta wa sebule, pembe tatu juu ya mlango, hata mahali pa kuwashia moto sebuleni: hayo yote yalikuwa na sababu pale yalipozaliwa. Walowezi walipokuja nayo Kenya, waliyajenga kwanza katika nyanda za juu zenye baridi, ambako moto wa sebuleni una kazi. Huko Njoro, Maurice Egerton alianza kujenga jumba lake la mawe mwaka 1938, na likakamilika mwaka 1954. Baadaye sura hiyo ya nyumba ikawa alama ya kufanikiwa, ikateremka hadi nchi za joto bila sababu zake.

Nyumba ya tofali ya enzi ya Victoria

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Katika miaka hiyo tofali lilienea kwa kasi, na sababu zake zilikuwa za kodi na usafiri. Kuanzia mwaka 1784 serikali ya huko ilitoza kodi kwa kila tofali, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1850. Kodi ya vioo iliondolewa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851. Wakati huohuo reli zilikuwa zikienea, na tofali zito likaweza kusafirishwa mbali kwa bei nafuu. Tajiri aliyetaka nyumba ya mashambani sasa aliweza kujenga kuta nene na kuweka madirisha mengi bila mtoza kodi kuyahesabu.

Umbo la nyumba hizo lilijibu hali ya hewa. Nchi ni ya baridi na mvua haina msimu mmoja, kwa hiyo paa lilisimama kwa mwinuko ili maji yateremke haraka. Mabomba marefu ya moshi yalitoka karibu kila upande kwa sababu vyumba vingi vilikuwa na moto wake. Madirisha yalipanuliwa ili kunasa mwanga hafifu wa majira ya baridi. Tofali lililochomwa vizuri lilistahimili mvua na barafu kwa miaka mingi.

Mojawapo ya nyumba zinazojulikana sana ni Red House, yaani Nyumba Nyekundu, iliyoko Bexleyheath, ambako siku hizo kulikuwa mashambani mwa Kent na leo ni sehemu ya London. Mbunifu wake, Philip Webb, alikuwa kijana, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kujitegemea. Aliyemtuma kazi hiyo mwaka 1859 ni rafiki yake William Morris, mshairi na msanii wa mapambo, na nyumba ilikamilika mwaka 1860. Ina umbo la herufi L, paa la vigae vyekundu, na kisima uani chenye paa lililochongoka.

Jambo lililowavutia wajenzi wa baadaye ni uwazi wake. Matajiri wengi wa zama hizo walipaka kuta za tofali lipu ili zifanane na mawe. Webb aliliacha tofali lionekane. Tena hakupanga madirisha yalingane ili nyumba ipendeze kutoka barabarani. Kila dirisha liliwekwa mahali ambapo chumba cha ndani kilihitaji mwanga, na kwa ukubwa uliohitajika.

Kosa la fundi hodari

Pamoja na sifa hizo, Nyumba Nyekundu ilikuwa na dosari ambayo rangi wala mapambo hayakuweza kuificha. Uingereza iko mbali kaskazini mwa ikweta, na jua la huko hupita upande wa kusini. Vyumba vikuu vya nyumba hii vilielekezwa kaskazini. Wakati wa baridi nyumba ilikuwa ya kutetemesha. Morris aliipenda sana, lakini aliishi humo miaka mitano tu, akahama mwaka 1865.

Webb alijifunza. Zaidi ya miaka 30 baadaye alibuni nyumba nyingine ya mashambani, Standen, katika eneo la Sussex, iliyojengwa kati ya 1891 na 1894. Humo vyumba vya kukaa vinatazama kusini, upande wa bustani na jua. Nyumba zote mbili ziliinuliwa kwa tofali na mikono ya mafundi wazuri. Tofauti kubwa ilikuwa upande zilipogeuziwa uso.

Hapo ndipo mkazi wa Lodwar anapokutana na William Morris. Mmoja alijenga nyumba nzuri iliyolipa jua kisogo katika nchi ya baridi. Mwingine anajenga nyumba nzuri inayolikabili jua la magharibi katika nchi ya joto. Wote wawili walilipia ukuta imara, na wote wawili wakakosa starehe ndani yake.

Jua la Turkana

Lodwar iko takriban nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Jua hapa huchomoza mashariki, hupita karibu na utosi, na kutua magharibi. Kwa sehemu ya mwaka hupita kaskazini kidogo, na kwa sehemu nyingine kusini kidogo. Saa sita mchana liko juu, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa zaidi. Kuanzia saa nane hadi jioni linashuka na kugonga ukuta wa magharibi moja kwa moja, wakati ambapo hewa yenyewe imeshapata moto.

Hesabu yake ni rahisi. Nyumba ya mstatili ikilazwa ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi tu ndizo zitakazopigwa na jua la asubuhi na la jioni. Pande ndefu zitalindwa na upenu wa paa kwa sababu jua liko juu. Nyumba hiyohiyo, yenye matofali yaleyale na gharama ileile, ikigeuzwa ili upande mrefu utazame magharibi, huwa tanuri. Kugeuza ramani kabla ya kuchimba msingi hakugharimu hata shilingi moja. Kugeuza nyumba iliyokwisha kujengwa hakuwezekani.

Kwenye kiwanja chembamba cha mjini huenda mwenye nyumba hana hiari ya kuigeuza. Hata hivyo anaweza kupanga vyumba. Jikoni, stoo na bafu vikae magharibi vibebe joto la jioni, na vyumba vya kulala viende mashariki.

Walichojua akina mama

Elimu hii si ngeni Turkana. Katika awi, yaani boma la Kiturkana, kazi ya kujenga nyumba ni ya wanawake. Mama hupinda fito zikawa kuba, akafunika kwa majani ya mkoma na ngozi. Ukuta huo hauhifadhi joto kwa kuwa hauna uzito, na upepo hupenya kati ya majani. Kazi nyingi za mchana hufanyika kivulini nje.

Nyumba hiyo ina mapungufu yanayojulikana. Moto huila kwa dakika chache, mvua kubwa huipenya, mchwa huitafuna, na haina mlango wa kufunga mtu anapokwenda sokoni. Familia inayotaka mtoto asome usiku chini ya taa ya umeme, na mali ibaki salama, ina haki ya kutaka ukuta wa tofali. Lakini inapohamia kwenye tofali isiache nyuma vitu viwili vilivyokuwa katika nyumba ya majani: kivuli na pumzi.

Kivuli kwanza, kisha pumzi

Ukuta mzito ni kama jiwe la mtoni. Ukikaa kivulini mchana utakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Ukiachwa juani utaendelea kuwa wa moto baada ya jua kuzama. Nchi ambazo usiku wake ni wa baridi hufaidika na joto hilo. Usiku wa Lodwar ni wa vuguvugu, kwa hiyo joto la ukuta ni mzigo. Veranda pana upande wa magharibi, upenu mrefu, au mti mmoja uliopandwa mahali panapofaa huufanyia ukuta kazi kubwa.

Pumzi maana yake ni njia ya hewa kuingia na njia ya kutoka. Hewa ya moto hupanda juu. Chumba chenye dirisha moja tu la katikati ya ukuta huifungia hewa hiyo chini ya mabati. Chumba chenye tundu la chini upande mmoja na tundu la juu upande wa pili huisukuma itoke. Upepo wa Turkana, ambao mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, husaidia ukipewa nafasi.

Mfano mzuri uko ndani ya kaunti hii. Kampasi ya Startup Lions, karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, ilikamilika mwaka 2021. Mbunifu wake ni Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, ambaye mwaka uliofuata alitunukiwa tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Kutoka mbali jengo hilo linaonyesha minara mirefu inayofanana na vichuguu vya mchwa, vile ambavyo kila mfugaji wa Turkana anavijua. Hewa baridi zaidi huingia kupitia nafasi za chini, na hewa ya moto hupanda na kutokea katika minara. Kuta zimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa katika eneo hilo.

Mnara wa Kéré na bomba la moshi la Uingereza vinafanana kwa sura: vyote viwili vimesimama juu ya paa na hupitisha kitu kinachopanda. Mmoja ulijengwa kutoa moshi wa moto unaopasha nyumba, mwingine kutoa joto lenyewe. Asiye na pesa za mnara anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kuacha matundu yenye wavu chini ya paa.

Tofali la kuchomwa au la kukandamizwa?

Tofali la Uingereza lilichomwa tanurini, mara nyingi kwa makaa ya mawe. Afrika Mashariki pia ina historia ndefu ya tofali la kuchomwa. Huko Kampala, kanisa la matofali la Namirembe lililowekwa wakfu mwaka 1904 liliungua kwa radi mwaka 1910, na kanisa kuu la matofali linaloonekana leo likakamilika mwaka 1919. Lakini Uganda ina mvua na miti. Katika Turkana, kila tanuri la matofali hula kuni, na miti mikubwa, kama ewoi ya kando ya Turkwel, ndiyo kivuli cha watu na chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Kukata mti wa kivuli ili kuchoma tofali la nyumba yenye joto ni hasara mara mbili.

Tofali la simiti na mchanga halihitaji kuni, ila linakula simiti nyingi, na simiti hiyo husafirishwa kutoka mbali. Kutoka Kitale hadi Lodwar pekee ni kilomita karibu 300, na Kakuma iko mbele zaidi.

Njia ya tatu ni tofali la udongo lililokandamizwa kwa mashine ya mkono. Udongo wa karibu huchanganywa na simiti kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, ukatiwa maji kiasi na kushindiliwa ndani ya mashine. Tofali linalotoka lina ulimi na mfuo, hivyo hushikana na mwenzake na kupunguza mota. Haliendi tanurini.

Aina hii ya tofali imetumika Kalobeyei. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 2016 karibu na kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, yakiwa na lengo la wakimbizi na wenyeji kutumia huduma pamoja. Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilikubaliana na mbunifu wa Japani, Shigeru Ban, abuni nyumba zinazofaa Kalobeyei. Ban alikuwa ameshinda tuzo ya Pritzker mwaka 2014, na anajulikana kwa makazi ya watu walioondolewa kwao na vita au majanga. Katika nyumba za mfano vilijaribiwa vifaa tofauti: mirija ya karatasi ngumu, mbao, na matofali ya udongo yanayoshikana. Shabaha ilikuwa nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuijenga na kuirekebisha bila kusubiri mtaalamu.

Jinsi ya kupima udongo

Tofali la kukandamizwa halisamehe udongo mbaya. Kabla ya kukodi mashine, mkazi anaweza kufanya vipimo vitatu.

Kwanza, kipimo cha chupa. Chimba na uondoe udongo wa juu wenye mizizi na samadi. Jaza udongo wa chini hadi theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa vizuri, kisha uache siku moja. Mchanga utatua chini, udongo laini utafuata, na mfinyanzi utakuwa juu. Unaofaa ni wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha kuushikanisha.

Pili, kipimo cha kisanduku. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4. Kipake mafuta, jaza udongo uliolowa, uache ukauke. Ukisinyaa kidogo unafaa. Kadiri unavyosinyaa zaidi ndivyo utakavyodai simiti zaidi, na ukisinyaa sana au kujikunja uongezwe mchanga.

Tatu, kipimo cha donge, wakati wa kuchanganya. Finyanga donge mkononi, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaa kama unga, maji ni machache. Likibaki donge moja, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, mchanganyiko uko tayari.

Baada ya kukandamizwa, matofali yawekwe kivulini, yafunikwe kwa nailoni na kunyunyiziwa maji kwa siku 7 au zaidi. Yaachwe yakomae hadi siku 28. Katika joto la Lodwar, hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayozaa matofali yanayovunjika mkononi. Simiti haikomai kwa kukauka, bali kwa kukaa na unyevu.

Adui wa chini

Turkana ni nchi kame, lakini maji yanapokuja huja kwa pamoja. Wakazi wa kando ya Turkwel na Kawalase mjini Lodwar, na wa kando ya Tarach huko Kakuma, wanajua laga inavyogeuka kuwa mto kwa saa moja. Tofali la udongo likikaa majini hudhoofika, hata likiwa na simiti.

Waingereza walipigana na unyevu unaopanda ukutani, na kufikia miaka ya 1870 kanuni zao za afya na ujenzi zilianza kudai tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta. Mafundi wa hapa wanalijua kwa jina la DPC. Ni karatasi nzito ya nailoni au lami, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ukuta. Ilazwe juu ya msingi wa mawe au zege ulioinuliwa juu ya ardhi. Na kiwanja kilicho katika njia ya laga hakitibiwi na msingi wowote: dawa yake ni kujenga kwingine. Kwa sababu hiyo ramani ipelekwe katika ofisi ya mipango ya kaunti ikakaguliwe kabla ya kuchimba.

Kwa mwenye nyumba tayari

Aliyekwisha kujenga bado ana la kufanya. Kupaka mabati rangi nyeupe hurudisha sehemu ya jua. Dari, hata ya mikeka ya majani ya mkoma, hutenganisha watu na joto la mabati. Matundu chini ya paa huiruhusu hewa kutoka. Veranda ya fito na makuti upande wa magharibi huupa ukuta kivuli mwaka huohuo, na mwarobaini uliopandwa leo utaipokea kazi hiyo baadaye. Anayeanza na kivuli cha ukuta wa magharibi ameanza pazuri.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

1. Simama nje ya nyumba yako saa kumi jioni. Ni ukuta upi unaopigwa na jua, na nani analala nyuma yake?

2. Gusa ukuta huo saa tatu usiku. Je, bado una joto? Linganisha na ukuta uliokuwa kivulini.

3. Hewa inaingilia wapi chumbani, na inatokea wapi? Ikiwa jibu la pili ni "hakuna", tundu linaweza kuwekwa wapi?

4. Tazama ramani ya nyumba unayotamani kujenga. Taja kila sehemu yake na sababu ya kuwapo. Sehemu isiyo na sababu hapa Turkana, fedha zake zingeweza kujenga nini?